Akidi ya Watu Wanne

Jumatano saa tatu na nusu asubuhi, mtambo uitwao Kikapu ulitoa taarifa fupi kuliko zote ambazo Kamati ya Ustawi iliwahi kupokea. Chuo namba ishirini na saba. Wanafunzi kumi na mmoja. Hewa kwenye damu inashuka kwa pamoja kila siku, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri. Makadirio: siku nne kabla ya mmoja wao kushindwa kuamka.

Bupe Mwasenga, katibu wa kamati, aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa afya ya mazingira, na alijua kuwa watu kumi na mmoja hawapungukiwi hewa kwa saa zilezile kwa sababu ya mafua. Watu hao walikuwa wanakaa mahali pamoja, wakivuta kitu kimoja, na hawakujua.

Alipiga simu tatu. Kabla ya saa tano wajumbe wanne walikuwa wamekaa kwenye chumba kidogo cha Shirikisho la Utetezi wa Wanafunzi, ghorofa ya pili, Dodoma, madirisha yamefungwa kama kanuni ilivyotaka. Mjumbe wa tano, Nyamizi, alikuwa Katavi kwa mafunzo ya vitendo, na mapema kabisa angefika Ijumaa jioni. Wanne walitosha. Akidi ya kamati ilikuwa wanne.

Wanafunzi laki sita wa vyuo vya nchi hii walivaa pete nyembamba kwenye kidole cha kati. Pete ilihesabu mapigo ya moyo, saa za usingizi na hewa iliyomo kwenye damu, ikavimimina Kikapuni, mtambo wa Shirikisho lenyewe. Si wa serikali wala wa vyuo. Walioanzisha mpango ule walibishana miaka mitatu kabla ya kukubaliana, na walikubaliana kwa masharti magumu. Kikapu hakikujua jina la mtu wala mahali alipo, kilijua jumla ya kila chuo. Na njia ilikuwa ya kwenda tu. Pete ilisema na Kikapu, lakini Kikapu hakikuweza kuirudishia pete hata mtikisiko mdogo, kwa kuwa waanzilishi walihofu kwamba anayeweza kusema na pete ya mtu, kesho ataiamuru.

Kwa jumla hizo Kamati ya Ustawi ilishinda mengi. Wanafunzi wa uuguzi walipunguziwa zamu baada ya kamati kuonyesha kuwa wanalala saa tatu kwa siku. Mabweni ya chuo kimoja cha ualimu yalipata maji safi. Kila hoja ilipita njia ileile: taarifa, kikao, mapendekezo, Baraza Kuu, siku kumi na nne. Watu walilalamika kuwa ni polepole, lakini hoja iliyopita njia hiyo ilikuwa ngumu kuvunjwa.

Njia ya kufungua majina ilikuwepo, ila haikuwahi kutumika. Kila mjumbe alikuwa na sehemu ya tano ya ufunguo kwenye alama ya kidole chake. Sehemu nne zikikutana chumba kimoja, Kikapu kingetaja majina. Lakini ndani ya saa moja muhtasari wa kikao ungesomwa na wote: wanafunzi, wizara na wakuu wa vyuo. Waanzilishi waliogopa kamati inayofungua majina kwa siri kuliko kitu kingine chochote.

Ndipo palipokuwa na tatizo. Chuo namba ishirini na saba kilikuwa Chuo cha Ngozi Mlimwesa, na Mlimwesa palikuwa na moto. Miezi miwili kabla yake, chuo kilitangaza kuwa kitawavisha wanafunzi pete zake chenyewe, zenye jina na zenye kuonyesha mahali, ili kuhesabu mahudhurio. Wanafunzi walikataa kuingia darasani. Tisa walifukuzwa, na mkusanyiko wa zaidi ya watu watano ukapigwa marufuku. Watu kumi na mmoja waliokuwa wanakutana mahali pamoja kila alasiri, Mlimwesa, kwa wakati ule, walikuwa watu wa aina moja tu: wagomaji.

Elirehema Mbwambo, mjumbe kutoka vyuo vya uhandisi, hakutaka maneno mengi. Alisema aliyefukuzwa chuo anaweza kukata rufaa, marehemu hawezi. Mwanakombo Haji, aliyesomea sheria na aliyeshika kanuni kama mtu anavyoshika mtoto mdogo kwenye barabara kubwa, alimjibu kwa sauti ya chini kuwa wale kumi na mmoja waliweka masomo yao rehani ili wasitajwe majina na pete. Leo kamati iwataje kwa pete, halafu kesho imwambie nani avae? Laki sita wakivua, nani atajua mabweni yapi hayana maji?

Elirehema alipendekeza tangazo la jumla. Mwanakombo akamkumbusha kwamba mwaka uliopita tangazo kama hilo, lililotaja kundi dogo bila majina, lilikifanya chuo kimoja kipekue mabweni yote, na wanafunzi sita wakaondoka na mabegi yao.

Mwenyekiti, Salvatory Rwegoshora, aliwasikiliza akiwa ameinamia meza. Alikuwa kijana mrefu, mtaratibu, asiyependa kupiga kura kabla ya kila mtu kuchoka kusema. Hatimaye alisema wapige. Na kabla ya kura aliuliza swali ambalo mwenyekiti huuliza kwenye kila kikao, na ambalo Bupe alikuwa ameandika jibu lake, "hakuna", kwenye kila muhtasari kwa miaka miwili.

"Kuna mjumbe mwenye maslahi binafsi kwenye hoja hii?"

Bupe alikuwa amelisubiri swali hilo tangu asubuhi. Jina la Mwasenga lilikuwa la watu wengi, na Mlimwesa ilikuwa haijawahi kuletwa mbele ya kamati. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua leo. Alifikiria kusema, akafikiria kutosema.

"Baba yangu ndiye mshauri wa wanafunzi wa Mlimwesa," alisema. "Na ndiye katibu wa baraza lao la nidhamu."

Elirehema aliegemea nyuma na kusema, bila hasira, kwamba Bupe angenyamaza, wangekuwa wamemaliza. Mwanakombo alisema angenyamaza, chuo kingegundua na kuifuta hoja yote, na pengine kamati yenyewe. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Rwegoshora alifumba macho kidogo. Mwenye maslahi hutoka nje. Akitoka, wangebaki watatu, na watatu hawakuwa akidi. Kanuni haikuacha nafasi ya kuchagua.

Bupe alikusanya daftari lake. Alipoinuka, taarifa ya Kikapu kwenye skrini ya ukutani ilijisahihisha mbele ya macho ya wote wanne. Siku nne zikawa mbili.

*

Rwegoshora alimfuata hadi kwenye korido. Alisema angempigia Nyamizi na kumsihi apande gari lolote, ingawa wote wawili walijua Katavi ni mbali. Kisha akamkumbusha kiapo. Kilichoonekana ndani ya chumba kile hakitoki nje na mtu yeyote, kwa mtu yeyote, kwa njia yoyote.

"Najua unachokiwaza," alisema. "Ukiondoka mjini leo, nitaandika. Sitaandika kwa chuki, lakini nitaandika."

Bupe alimjibu kuwa angefanya hivyohivyo kama angekuwa yeye. Hakuwa anamdhihaki. Miaka miwili walikuwa wamekaa meza moja wakiwafundisha wajumbe wapya kuwa kamati ni taratibu zake, na kwamba mjumbe akianza kufanya kazi ya kamati peke yake barabarani, kwa nia njema au mbaya, kamati imekufa.

Alikaa kwenye benchi la nje kwa dakika kumi hivi. Alijaribu kujishawishi kuwa makadirio ya Kikapu hukosea, na ni kweli yaliwahi kukosea, ila hayakuwahi kukosea kwa siku mbili. Alijaribu kufikiri angefanya nini kama baba yake angekuwa mtu mwingine. Alichoona ni chumba asichokijua na watu kumi na mmoja ndani yake, wakizungumza, wakipunguza sauti, wakivuta pumzi.

Saa sita alipanda treni ya magharibi. Hakuweza tena kukisoma Kikapu. Mjumbe aliyetoka nje kwa maslahi hufungiwa. Kwa hiyo kwa saa mbili na nusu alitazama mashamba ya alizeti yakipita bila kujua kama namba ilikuwa bado mbili, au moja, au chini ya hapo. Mvua ilianza kunyesha kabla hawajafika, na hilo lilimtia hofu zaidi, ingawa bado hakuweza kusema kwa nini. Kichwa kilimuuma. Alijipaka dawa ya kuchua kwenye paji la uso, kama alivyozoea kabla ya mitihani, akalirudisha kopo mfukoni. Kituoni alikodi pikipiki ya umeme hadi Mlimwesa, na dereva akamlalamikia matope njia nzima.

*

Mzee Asangalwisye Mwasenga alikuwa ofisini kwake, koti limening'inia nyuma ya mlango, mafaili yamepangwa kwa rangi. Alimwona binti yake mlangoni, nguo zimelowa, na hakutabasamu mara moja kama kawaida yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Kaa." Alimtazama vizuri. "Umekuja kama mwanangu, au kama katibu wa wale wenzako?"

Bupe alisema ukatibu hana kwa leo. Baba yake alitikisa kichwa, akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa. Alizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisema yeye naye amekula kiapo. Jambo lolote la wanafunzi likisemwa mbele yake, lazima aliandike, na akiliandika linakwenda kwa mkuu wa chuo. Hakuwafukuza wale tisa kwa kupenda, lakini saini iliyokuwa chini ya barua ilikuwa yake. Kwa hiyo kama binti yake alikuwa na jambo, alipime kabla halijatoka mdomoni.

Bupe alilipima. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini na tano.

"Sitakuambia kitu, Baba. Nitakuuliza habari za majengo. Hapa chuoni kuna jengo lililofungwa, ambalo sakafu yake iko chini kuliko ardhi ya nje?"

Mzee alivua miwani. Bupe aliona jinsi swali lilivyomwingia, na jinsi alivyokuwa akijizuia lisiende mbali zaidi ya pale lilipotakiwa kufika. Kisha akaanza kutaja, akitazama dirishani. Stoo ya zamani ya chumvi, hiyo imebomoka. Bweni la tatu, hilo halina sakafu ya chini. Na karakana ya kwanza ya kulainishia ngozi, nyuma ya matangi. Ile ina ngazi za kushuka. Mashimo ya kuloweka ngozi yalifunikwa kwa mbao miaka mingi iliyopita, tope lake halikuondolewa.

Bupe alielewa. Tope la ngozi, salfa, na mvua. Maji yakiingia chini, gesi hutoka kwenye tope. Ndiyo hiyo iliyomtia hofu kwenye treni. Gesi hiyo hunuka mayai viza siku ya kwanza, na mtu hukunja pua. Lakini ikiendelea, kinachokufa kwanza ni pua yenyewe. Mtu hudhani harufu imeisha.

"Lilikaguliwa lini?" aliuliza.

"Januari." Baba yake alirudisha miwani usoni. "Fomu ilisema jengo limekaguliwa, ni salama, limefungwa. Nilitia saini. Sikuingia."

Halafu akasema kwamba chai yake ya alasiri huchukua nusu saa, na kwamba akinywa chai huwa hatazami nje. Bupe alikuwa ameshafika kwenye mlango.

*

Kufuli la karakana lilikuwa limening'inizwa tu, halikufungwa. Alipousukuma mlango, harufu ilimpiga usoni, kisha baada ya pumzi tatu nne ikaanza kufifia. Alirudi nje haraka. Alivuta hewa ya mvua hadi kifua kikamuuma. Kila alichofundishwa kilimwambia jambo moja: usishuke. Wanaokufa kwenye mashimo ya aina hii mara nyingi ni wale waliokwenda kuokoa.

Akasimama kwenye ngazi ya juu kabisa, mlango wazi nyuma yake, akaita. Sauti za chini zikakatika. Taa ikazimwa.

Alisema jina lake. Alisema anatoka Shirikisho. Ndipo sauti ya msichana ikajibu kutoka gizani kuwa wanamjua, picha yake iko kwenye meza ya mshauri wa wanafunzi. Msichana huyo aliitwa Sikudhani, mwaka wa pili, na ndiye aliyekuwa akiwaongoza tangu wale tisa walipoondoka. Aliuliza nani amemtuma.

Hapo Bupe alivunja kiapo, kizima kizima. Aliwaambia kuhusu Kikapu, kumi na mmoja, hewa kwenye damu, siku mbili. Alisikia mguno ukizunguka kule chini, na haukuwa wa woga, ulikuwa wa hasira. Sikudhani alisema kumbe ni yaleyale. Wamefukuziwa wenzao kwa kukataa pete ya chuo, na muda wote huo pete ya wenyewe imekaa ikiwachungulia.

"Haikujui," Bupe alisema. "Inajua kuna watu kumi na mmoja wanaougua. Waliotaka kujua majina wameshindwa, na mimi sikuwa upande wowote, kwa sababu ya baba yangu. Nimekuja bila kujua ni nyinyi. Tokeni nje tugombane huko."

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alisema ni mtego, kwamba mshauri yuko nyuma ya matangi na walinzi. Mwingine alisema mbona hakuna harufu yoyote, siku za kwanza kulikuwa na harufu lakini imekwisha.

Bupe aliingiza mkono mfukoni, akatoa kopo la dawa ya kuchua. Alilirusha chini. Lilidunda kwenye mbao likabingirika.

"Lifungueni mlinuse," alisema. "Kila mmoja. Halafu mniambie."

Taa ikawashwa. Aliona nyuso zimekaa duara, na juu ya vichwa vyao dari ya chini iliyojaa kutu. Sikudhani aliokota kopo, akalifungua, akalisogeza puani. Kila mtu nchini aliijua dawa ile. Akiifungua mtu mbele ya basi, wa nyuma hupiga chafya. Sikudhani alinusa, akanusa tena, akalibandika kabisa kwenye pua. Uso wake ulibadilika. Akampa wa pembeni. Naye akanusa, akampa mwingine. Kopo lilizunguka duara, na hakuna aliyepiga chafya.

"Mpe Ntandu," mtu alisema.

Ntandu alikuwa ameegemea ukuta, karibu na mbao zilizofunika shimo, kofia imemwangukia usoni. Walidhani amelala, alikuwa amelala mapema siku zote za wiki ile. Walimwekea kopo mkononi na mkono ukafunguka.

Bupe aliwapigia kelele wavunje vioo vya juu kwanza, kisha wamburute kutoka kando ya shimo bila kuinama sana, kwa kuwa gesi hiyo hulala chini. Hakushuka. Baadaye, usingizini, alijiona mara nyingi amesimama pale juu huku wengine wakihangaika, na kila mara alijiuliza kama ilikuwa busara au woga. Vioo vilipasuka. Wavulana wawili walimshika Ntandu makwapani.

Kulikuwa na njia mbili za kutoka. Mfereji wa nyuma, ambao ndio waliokuwa wakiutumia, ulipitisha mtu mmoja kwa kutambaa. Mlango wa mbele ulitokea kwenye uwanja wa mpira, mbele ya madarasa yote. Sikudhani alisimama katikati akiwatazama wenzake. Wale wanane wengine wangeweza kupita nyuma na kumwacha mgeni na wawili wambebe Ntandu. Kwa namna hiyo wangeonekana watu wanne tu, na wanne si mkusanyiko. Alilisema hilo waziwazi ili kila mtu alisikie. Bupe hakuwaambia la kufanya.

Walitoka wote kwa mlango wa mbele.

Mvua ilikuwa kubwa. Walivuka uwanja wakimbeba kwa zamu, wengine wakitapika njiani, na madirishani nyuso zilijaa. Mzee Mwasenga alitokea upande wa ofisi na mwavuli. Zilikuwa hazijatimia hata dakika kumi na tano za chai yake. Alipowafikia aliutupa mwavuli kwenye matope, akamshika Ntandu miguu, wakaenda naye mbio hadi zahanati. Bupe aliona midomo ya baba yake ikicheza. Alikuwa akiwahesabu.

*

Ntandu aliamka Ijumaa asubuhi. Madaktari walisema angevuta gesi ile siku moja zaidi, asingeamka.

Mzee Mwasenga aliandika, kama alivyosema angeandika. Aliorodhesha majina kumi na moja ya waliokutana bila kibali kwenye jengo lililofungwa. Chini yake akaandika la kumi na mbili, lake mwenyewe, kama mtu aliyethibitisha kwa saini usalama wa jengo asiloingia. Baraza la nidhamu halikuweza kusoma mstari mmoja na kuruka mwingine. Wanane walipewa onyo. Sikudhani, Ntandu na mwenzao mmoja walisimamishwa mwaka mzima. Mzee aliondolewa kwenye ushauri wa wanafunzi, akarudi kufundisha hesabu za mwaka wa kwanza. Alipoulizwa na binti yake kama ameumia, alisema hesabu hazina fomu za kusaini.

Mpango wa pete za chuo haukufutwa. Uliahirishwa.

Bupe aliitwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Shirikisho mwezi uliofuata. Wajumbe saba walikaa mstari mmoja. Rwegoshora alisoma taarifa yake, ukurasa mmoja, bila kuongeza wala kupunguza, na alipomaliza alitazama chini. Mwanakombo alikuwa shahidi, akasema kamati ingekuwa na njia kama isingejifunga yenyewe, na kwamba yeye ni mmoja wa waliofunga. Elirehema alileta hoja: pete ya mtu aliye hatarini iweze kumtikisa yeye peke yake, bila jina kupita popote. Ilipelekwa kamati ndogo kwa siku tisini. Kuna waliosema huo ndio mwanzo wa pete kuamuru watu, na Bupe hakuona kuwa ni wajinga.

Mjumbe mmoja alimuuliza swali ambalo hakulitegemea. Kama baba yake asingekuwa Mlimwesa, na yeye angebaki chumbani na kupiga kura, angepigaje?

"Sijui," Bupe alisema. "Nimejiuliza kila siku. Nadhani niliposema nina maslahi, kwa kiasi fulani nilifurahi kwamba sitapiga."

Wanne walipiga kura aondolewe, watatu asiondolewe. Aliandika makabidhiano ya ofisi siku hiyohiyo na kumpa aliyemfuata funguo za kabati.

Wiki mbili baadaye alikwenda Ikungi kumwona Ntandu nyumbani kwao. Alimkuta kwenye mashine ya kukamua alizeti ya mama yake, amefunga kitambaa kichwani, mwembamba kuliko alivyomkumbuka. Waliketi kwenye magunia. Ntandu alisema kumbukumbu zimerudi, isipokuwa za siku ile, lakini pua haijarudi. Mama yake anakaanga vitunguu na yeye anajua tu kwa kusikia mlio. Chakula chote kina ladha ya karatasi. Pete aliivua hospitalini, na hakuwa na mpango wa kuivaa tena.

Alimuuliza Bupe maswali mengi kuhusu siku ile, kwa kuwa hakuikumbuka: nani alimbeba, nani alilia, kama ni kweli mshauri alimshika miguu. Bupe alimweleza yote, hata kwamba hakushuka ngazi. Kisha akamweleza kuhusu kura.

Ntandu alikaa akifikiria, mbegu za alizeti zikipita kati ya vidole vyake.

"Mimi ningekuwa mle ndani, ningepiga uondolewe," alisema. "Ulitoa siri yetu bila kutuuliza. Kesho mwingine ataitoa, na yeye hatakuwa na sababu kama yako."

Bupe alisema anaelewa.

"Ngoja, sijamaliza. Ningepiga uondolewe. Halafu ningepanda gari la kwanza nije mpaka kwenu kukushukuru." Alitazama mikono yake. "Sasa umenitangulia. Sijui hata nianze na lipi."

Mama yake aliita kutoka ndani kuwa ugali uko tayari. Ntandu aliinuka, akayumba kidogo, na Bupe akamshika mkono. Ntandu hakuuondoa. Wakaingia kula.